Orodha Isiyo na Jina la Baba

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake, ingawa najua amesimama nyuma ya bega lako anaisoma barua hii kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Mdogo wangu mwambieni nimeona matokeo yake ya hesabu na nimeringa nayo kazini siku nzima.

Mimi huku sijambo. Nimehamia chumba kingine, juu ya duka la fundi viatu. Anaanza kugonga visigino saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa ya kuniamsha nimeiweka kabatini. Kazini mafundi wenzangu wa lifti wananiita Bisibisi tangu siku ile nilipokwenda kwenye harusi ya msimamizi wetu na bisibisi ikachomoza kwenye pochi yangu katikati ya picha. Hawajaniachia mpaka leo.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Baba, Mama ameniambia ya Desemba. Kwamba mdogo wangu alibanwa na pumu akalazwa siku tatu, na kwamba siku ya kumtoa ulikwenda ukauza randa ya umeme. Randa ile ulikuwa humwazimi hata kaka yako wa tumbo moja. Nilipomaliza kuongea na Mama nilikaa kwenye ngazi nikashindwa hata kula.

Nimepiga moyo konde. Lazima nyumba yetu iwe na bima ya afya. Nimepita kwenye kampuni tatu wakati wa chakula cha mchana nikakusanya vitabu vyao vya masharti, navituma pamoja na barua hii. Kimoja kina jalada la bluu, kimoja la kijani, kimoja la njano. Wewe ndiye kichwa cha nyumba, wewe ndiye utakayechagua, mimi nitachangia.

Usinijibu kwa simu. Wewe ukishika simu unasema "sawa, sawa, sawa" mpaka salio linakwisha na hakuna kilichoamuliwa.

Binti yako


20 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mama yako ameisoma kabla yangu, hapo hukukosea. Anasema umekonda. Nimemuuliza amekuonaje kwenye karatasi, akasema anajua tu.

Sisi wazima. Mama yako biashara ya vitambaa imemchangamkia, ameongeza meza ya pili sokoni. Mdogo wako yumo kwenye vitabu vyake. Mimi naezeka ukumbi wa shule, ule mkubwa. Upana wake umewatoa jasho mafundi wawili kabla yangu wakala kona. Mimi nimezipandisha kenchi zote kumi na nne, na siku tuliposimamisha ya mwisho watu walisimama barabarani kuzitazama hizo mbao za pembetatu kama wanatazama mechi. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya wote. Nakuandikia ujue baba yako bado yupo.

Randa niliiuza kwa sababu ilikuwa imechoka. Hilo tumelimaliza.

Vitabu vyako nimevipata. Jalada moja lina baba, mama na watoto wawili wanacheka mpaka magego yanaonekana. Nimewatazama sana wale watu. Hakuna anayeumwa hata kidole. Ndani maneno ya sifa ni makubwa, ya masharti madogo kama mayai ya chawa, nikaazima miwani ya Mama yako. Nimesoma vyote vitatu mara mbili, na penye utata nimepiga mstari kwa penseli ya kazi.

Ila sichagui kitu kwa kusoma. Unajua ninavyofanya. Nikimaliza paa simkabidhi mwenye nyumba mpaka nimepanda na ndoo nane za maji nikazimwaga zote, huku mtu amesimama ndani ameinua macho kwenye dari. Pakidondoka tone moja, nabandua bati naanza upya. Mafundi wengine wanasubiri mvua iwaumbue. Basi na hizi bima zako nitazimwagia maji kwanza. Nipe wiki tatu.

Wewe endelea na hiyo ajira yako ya kubonyeza vitufe vya lifti.

Baba yako


17 Machi

Kwa binti yangu,

Hatujambo hapa. Mdogo wako alikohoa siku mbili wakati wa vumbi lile, ikapita. Mama yako amegombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na hivi ninavyoandika wamepatana wanapeana vikombe vya chai.

Ukumbi umekwisha. Ndoo nane, hata tone. Sasa ripoti.

Ya bluu, ndiyo bei ya chini kabisa. Kitabu kinasema inapokelewa kwenye zahanati hapa karibu na soko. Nimekwenda nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kofia magotini, kama mgonjwa. Kuna madirisha mawili. La kwanza limeandikwa BIMA, la pili TASLIMU. Kila anayetoa kadi ya bluu dirisha la kwanza anaambiwa mtandao umekatika, rudi kesho. Nimehesabu watu tisa. Mmoja ana mtoto mgongoni anachemka homa. Nikasogea dirisha la pili nikauliza kama na huku mtandao umekatika. Dada wa watu akanijibu bila kuinua uso, "Huku hatutumii mtandao, mzee, huku tunatumia droo." Hiyo ya bluu inavuja, tena inavujia kitandani.

Ya kijani inalipa ukilazwa, na kwa kulazwa haina maneno. Lakini ile dawa ya kuvuta ya mdogo wako haimo kwenye orodha yao. Nimemfuata wakala ofisini kwake, bwana mmoja mwenye tai. Akasema hiyo ni dawa ya matumizi ya nyumbani. Nikamwambia mtoto anaumwa nyumbani, hawezi kupanga aje kuumwa kwenu. Akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa, nikatoka.

Ya njano imenikubali. Nimekaa hospitali ile kubwa siku mbili. Wenye kadi ya njano nimewaona wanaingia, na nimewaona wanatoka na dawa mkononi. Mama mmoja nilimwomba anionyeshe mfuko wake, akanionyesha kidonge kwa kidonge. Bei yake ni ya juu, lakini mkijiunga kikundi cha watu kumi inashuka karibu nusu, kila mmoja na nyumba yake. Mwenye ugonjwa wa zamani anasubiri mwaka mzima kabla hawajaanza kumlipia ugonjwa huo. Hilo halinifurahishi, lakini wameliandika wazi, hawakulificha.

Pale hospitali nimekutana na nesi mchangamfu sana. Alikuwa anapima watu bure barazani. Akanifunga kile kitambaa chao mkononi, akapampu, akatazama, akapumzika kidogo, akafunga tena. Tukaongea habari za watoto. Ana watatu.

Kwa hiyo nakusanya mafundi tuunde kikundi. Kwa upande wetu wa kuandikishwa ni hawa: Mama yako na mdogo wako. Vyeti vyao nimevitoa kabatini tayari.

Baba yako


1 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Mvua huku imeanza na fundi viatu ana foleni mpaka mlangoni, kwa hiyo anagonga hata Jumapili. Mimi sijambo. Mwambie Mama sijakonda, na kama anabisha nitamtumia picha.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye chumba cha mitambo, wenzangu watano wamekaa juu ya makasha ya vifaa. Kwenye habari ya droo mbavu hatukuwa nazo. Mmoja akaomba ainakili, kwa sababu mke wake alikuwa siku hiyohiyo anakwenda kununua ya bluu. Nimempa. Umemwokoa mtu usiyemjua. Nilijisikia mrefu siku ile.

Baba, orodha yako ina majina mawili. Nimegeuza karatasi nyuma nikitafuta la tatu. Wewe uko wapi? Na yule nesi alisema nini alipofunga kitambaa mara ya pili?

Nina habari. Kazini nimepewa mkataba wa kudumu. Sikutaka kukuandikia mpaka niushike mkononi, nimeushika, una mihuri miwili. Tangu zamani walikuwa wanatukatia bima sisi wenyewe tu. Sasa sisi wa kudumu tumeruhusiwa kuingiza familia. Asiyeolewa anaingiza wazazi wake wawili na ndugu mmoja aliye shuleni. Sehemu kubwa inalipa kampuni, sehemu ndogo inakatwa kwenye mshahara wangu, na nimeshapiga hesabu, siumii. Halafu ni wale wale wa njano uliowapima. Tena huu mkataba wa kampuni hauulizi mtu jana alikuwa anaumwa nini. Unaingia leo, unatibiwa leo.

Fomu hizi hapa, kila mtu na yake. Nimejaza upande wangu. Kila mtu mzima anapeleka picha na anasaini mwenyewe mbele ya karani, tawi la huko kwenu. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Uandikishaji ukifungwa, haufunguliwi mpaka miaka miwili ipite, na aliyevuka sitini hawampokei. Septemba unatimiza sitini, Baba. Naomba muende wote wiki hii.

Binti yako


8 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo.

Wiki tano sijapata neno lako. Nimemuuliza Mama kwa simu. Anasema yeye ameshasaini fomu yake na ya mdogo wangu, na wewe uliwasindikiza mpaka mlango wa ofisi ukageuka, ukasema una mzigo wa mbao unapokea. Anasema karatasi yako umeifungia kwenye kabati pamoja na hati ya kiwanja.

Anasema pia kwamba siku hizi hupandi juu. Unasimama chini unawapigia kelele vijana. Wewe, uliyekuwa unakula chakula cha mchana juu ya paa kwa sababu kushuka ni kupoteza muda.

Sikuandikii kwa ubaya. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na sijazoea kuogopa kwa ajili yako.

Binti yako


21 Mei

Kwa binti yangu,

Marahaba.

Nyumba nzima tunakupongeza kwa mkataba wa kudumu. Mama yako ameutangaza sokoni meza kwa meza. Mdogo wako yumo kwenye mitihani. Kadi zao mbili zimekuja, za njano, na picha ya mdogo wako amekunja uso kama hakimu. Juzi alikwenda kuchukua dawa yake ya kuvuta, akaipata bila kutoa kitu. Nilikuwa naye. Nilisimama pembeni nikijifanya nasoma tangazo. Ahsante, mwanangu. Hilo umelifanya na nimeliona.

Sasa hilo la fomu yangu. Nimeisoma yote, na mstari wa nne nimeusoma mara nyingi. Umeandikwa: "Jina la mtegemezi." Chini yake umeandika jina langu kwa mwandiko wako mzuri.

Mimi nimeezeka nusu ya mji huu. Nimelea watoto wawili bila kumpigia mtu hodi. Baba yangu alipougua nilimbeba mimi, na alipofariki nilimzika mimi, na sikutembeza bakuli. Mama yako nimemtunza na mimi mwenyewe nimejitunza. Leo nikaketi mbele ya karani, aniulize mbele ya foleni, mtegemezi ni nani, nami niinue mkono kama mtoto wa darasa la kwanza? Haiwezekani. Waandike hao wawili, wao ni haki yao. Mimi niache nilivyo.

Tena bima ya kikundi cha mafundi imesimama na mimi ndiye mwenyekiti wake. Nilizunguka kiwanja kwa kiwanja mwezi mzima. Nimewapata kumi kamili: Bwana Kesho, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake amefanya jambo leo, na Nondo, na Babu Msumari, na Profesa, na Mchachu, na Kipimamaji, na wale mapacha wa plasta wawili, na Shoka, na yule fundi wa rangi tunayemwita Waridi. Watu waliokuwa wanaambiana bima ni ya wenye ofisi, leo wanatembea na kadi kwenye mfuko wa shati. Wiki iliyopita mke wa Shoka amejifungua kwa upasuaji na hawakuuza hata kuku. Shoka alikuja nyumbani akanishika mkono, akaondoka. Hiyo kazi ni yangu, na naionea fahari.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu.

Baba yako


4 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo.

Nimefurahi kwa Shoka na mkewe. Nimefurahi kwa wote, na nimewasimulia wenzangu kwamba mwenyekiti ni baba yangu.

Kisha nimehesabu. Bwana Kesho mmoja, Nondo wawili, Babu Msumari watatu, mpaka Waridi. Kumi. Nimerudia mara tatu, nikamwita na mwenzangu ahesabu. Kumi, na mwenyekiti hayumo. Uliniandikia kikundi kimesimama, hukuniandikia kwamba umo. Hukudanganya. Wewe hudanganyi, wewe unaruka mstari.

Basi acha nikusomee ulichoruka, na nikikosea nirekebishe. Fomu ya kikundi inauliza kama una ugonjwa wowote unaoujua. Wewe unaujua, tangu Machi, tangu yule nesi. Mtu mwenye presha nzuri hafungwi kitambaa mara mbili. Kuandika uongo hukuweza, na kuandika kweli uliona utawapandishia wenzako bei, maana bei ya kikundi wanaipanga kwa afya ya waliomo. Ukawaingiza kumi kwenye nyumba isiyovuja, ukabaki nje wewe mwenyewe. Na Mama hajui.

Nimekasirika, Baba, lakini sina haki ya kukasirika sana, kwa sababu na mimi niliruka mstari. Januari nilianguka. Nilikuwa ndani ya shimo la lifti, ngazi ikateleza, nikashuka ghorofa moja na nusu. Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Mama nilimwambia nina mafua, wiki tatu za mafua. Barua ya Februari niliiandika mkono mmoja ukiwa umening'inia shingoni, na zile kampuni tatu nilizunguka hivyohivyo. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema rudi nyumbani, hiyo si kazi ya mtoto wa kike, kama ulivyosema siku naondoka. Siku ile ya kuanguka waliniomba kadi, nikatoa, wakanipeleka ndani. Kitanda cha pili alikuwepo dada mwenye mguu umevunjika vibaya kuliko mkono wangu. Kaka yake alikuwa korido anapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja. Mimi nilishafungwa plasta na kupewa chai, yeye bado wanampigia hesabu. Nililala pale nikikufikiria wewe juu ya paa.

Hilo neno la mstari wa nne. Mimi hapa kazini niliandikwa "msaidizi" miaka miwili. Wanaume niliowafundisha kusoma mchoro wa umeme waliandikwa mafundi, mimi msaidizi. Nilisaini kila mwezi nikaenda kufanya kazi. Lifti hazikujua nimeandikwa nani.

Na mimi nilikuwa mtegemezi wako miaka ishirini na miwili. Chakula changu, viatu vyangu, ada ya chuo cha ufundi ambacho hukukitaka na bado ukakilipia. Sikumbuki hata siku moja uliyonifanya nijione mdogo kwa hilo. Kwa nini unadhani mimi nitakufanya hivyo?

Ukibaki nje kwa sababu ya neno moja, na siku moja ukaanguka, mimi nitaishi na neno hilo. Wewe hutakuwepo kunisaidia kulibeba.

Siombi tena. Fomu iko kabatini na ufunguo unao wewe.

Binti yako


18 Juni

Baba, shikamoo. Zimebaki siku kumi na mbili.

Binti yako


28 Juni

Kwa binti yangu,

Marahaba, zote mbili.

Mama yako mzima, isipokuwa amekasirika, nitakueleza. Mdogo wako amemaliza mitihani na anajifanya ameisahau.

Barua yako ya mkono uliovunjika niliisomea stoo ya mbao, mlango nimefunga. Kisha nikaivaa hasira, nikasema huyu mtoto ameniambia uongo wa mafua. Hasira haikukaa mwilini, ikadondoka yenyewe, kwa sababu nilikumbuka aliyekufundisha kuficha ni nani.

Uliyoyasoma hukukosea hata moja. Presha ilikuwa mia na themanini kwa mia na kumi. Nesi alifunga mara ya pili akidhani kifaa kimeharibika. Na si Machi tu. Desemba nilikuwa juu ya nyumba ya mwalimu, bati ziko mkononi, dunia ikazunguka. Nilikaa juu ya mbao nikashika misumari mdomoni ili vijana wasione midomo inatetemeka. Nikashuka polepole nikasema nimesahau penseli. Penseli ilikuwa sikioni. Tangu siku hiyo sijapanda, na kila siku nimetunga sababu. Zile kenchi kumi na nne za ukumbi nilizisimamisha nikiwa ardhini, na zimenyooka, lakini nilikuwa ardhini.

Hayo yote nimemwambia Mama yako juzi. Hajanisemesha tangu hapo, ila ameniondolea chumvi mezani na amehamisha godoro langu upande wa dirishani nipate hewa. Kwa hiyo najua tutapatana.

Jana nimekwenda. Lile tawi lao liko ghorofa ya tatu. Mlinzi akanionyesha ngazi, nikamwambia sitaki ngazi, nataka lifti. Mimi, miaka yote hii nimepanda kila kitu chenye ngazi lakini sijawahi kuingia kwenye kile kisanduku. Nikaingia. Nikabonyeza. Ikapanda kimya, ikasimama, na nilipotazama chini, sakafu yake na sakafu ya korido zilikuwa zimelingana sawasawa, hata unene wa kadi haukuwepo. Nikashuka nayo tena nikapanda tena, nitazame kama ilikuwa bahati. Mara tatu. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Nikamwuliza yeye anajua ni kazi kiasi gani kukisimamisha kitu kizito namna ile mahali palepale kila mara. Akasema hajawahi kufikiria. Na mimi sikuwahi. Miaka saba nimekuwa nikisema unabonyeza vitufe.

Nikaingia ofisini, nikachukua namba, nikakaa. Watu kama ishirini hivi. Nilikuwa nimepanga nikifika mbele ya karani niongee kwa sauti ya chini. Karani ni mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akaichukua fomu yangu akasema ukumbi mzima usikie, "Huyu ni mtegemezi. Mtegemezi wa nani?"

Mwanangu, shingo iliniwaka moto. Nilitazama mlango. Kisha nikasikia sauti inatoka, kubwa kuliko yake, na ilikuwa yangu. Nikasema, "Wa binti yangu." Akauliza binti anafanya kazi gani, kuna sehemu ya kujaza. Akawa ameshaandika "mfanyakazi". Nikamwambia afute. Akasema mzee, mfanyakazi inatosha. Nikamwambia haitoshi, aandike fundi wa lifti, maana hiyo iliyokuleta hapa asubuhi haikupanda kwa maombi. Akasema fomu haifutwi, ikifutwa inaharibika. Nikamwambia basi nipe nyingine, ukurasa wenye saini ya binti yangu uubane nyuma yake. Foleni ikaguna yote. Nikajaza upya, taratibu, herufi moja moja, jina langu kwenye mstari wa nne na kazi yako chini yake, nikasaini. Bwana mmoja nyuma yangu akaniuliza kama huyo fundi ameolewa. Nikamwambia ashike namba yake asubiri zamu.

Kadi ilitoka palepale, ya karatasi, ya kutumia mpaka ile ngumu ije. Sikurudi nyumbani. Nimekwenda nayo hospitali moja kwa moja, nikaonana na daktari, nikapewa vidonge vya mwezi na karatasi ya kurudi. Leo asubuhi nimemeza cha pili, Mama yako amesimama mlangoni anahesabu.

Siku unaondoka nilisema ile si kazi ya mtoto wa kike. Nilikosea, na nimechukua miaka saba kuandika neno hilo. Hakuna paa nililoezeka katika mji huu ninaloweza kulionyesha kwa kidole kwa fahari ninayokuonea wewe. Jana watu ishirini wamenisikia nikisema kwa sauti kwamba wewe ni fundi, ukabaki wewe tu kusikia.

Kuhusu mkono wako, nataka kujua umepona kiasi gani, na safari hii usiruke mstari.

Baba yako